Kudhibiti Ubabe wa Sikilidi Katika Tangi la Nyumbani

Sikilidi ni ukoo mkubwa wa samaki ambamo wamo sato na perege tunaowala, kuhe wa Ziwa Tanganyika, furu wa Ziwa Viktoria na mbuna waishio miambani katika Ziwa Nyasa. Wale wadogo wenye rangi kali ndio wanaofugwa kwa mapambo, na hapa Dar es Salaam huwakosi katika sebule, ofisi na mapokezi ya hoteli. Wengi huwanunua kwa kuvutiwa na rangi, kisha baada ya wiki chache hukuta samaki mmoja amelitawala tangi zima, wenzake wamejibanza pembeni karibu na uso wa maji, na mapezi yao yameraruka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuizuia hali hiyo, na namna ya kuirekebisha ikiwa imekwisha kutokea.

Ugomvi wa sikilidi si ugonjwa wala si hitilafu ya samaki mmoja mmoja. Dume anayelinda pango analinda mahali pa kuzalia, na jike anayefukuza wengine huenda ana mayai au makinda ya kutunza. Ziwani anayeshindwa huogelea mita chache, akavuka mpaka wa mwenye eneo, na shauri likaisha. Katika tangi la futi nne mpaka huo haupo, kwa sababu eneo la mshindi hufika kwenye kioo pande zote, na mshindwa hubaki ndani ya eneo hilo usiku na mchana. Kwa hiyo kazi ya mfugaji si kuwafanya samaki wapendane. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila anayefukuzwa ana mahali ambapo kufukuzwa kunakoma, na karibu kila ushauri utakaofuata unalenga jambo hilo moja.

Kuusoma ugomvi kabla ya kuuingilia

Kabla ya kuhamisha jiwe au samaki yeyote, kaa mbali kidogo na tangi wakati wa jioni, kabla ya kulisha, uangalie kwa nusu saa. Madume wawili wanaosimama ubavu kwa ubavu, wametandaza mapezi, wanatikisa miili na kufungua vifuniko vya matamvua, wanapimana nguvu tu. Hata wakishikana midomo na kuvutana, kwa kawaida mmoja hunywea baada ya muda mfupi, rangi yake hufifia na kila mmoja akaenda zake. Mapambano ya namna hiyo yaache, kwani ndiyo yanayoweka mpangilio wa nani yuko juu ya nani, na mpangilio ukishakaa vizuri, vurugu hupungua zenyewe.

Ubabe unaohitaji mkono wako ni ule usio na kikomo. Utautambua kwa mnyonge kuliko kwa mbabe: samaki anayekaa kwenye kona ya juu ya tangi au nyuma ya bomba la kichujio, mapezi yamebanwa mwilini, anayeogopa kuja kwenye chakula, na ambaye magamba ya ubavuni yameanza kudondoka. Samaki wa namna hiyo hafi kwa majeraha peke yake. Hofu ya kudumu hudhoofisha kinga ya mwili wake, akashikwa na ukungu au bakteria, na mwenye tangi akadhani tatizo ni maji.

Rangi nayo husema mengi. Astatotilapia burtoni, sikilidi wa Tanganyika ambaye wanasayansi wamemchunguza kwa miaka mingi, huonyesha jambo hili waziwazi: dume mwenye himaya huwa na rangi angavu na mstari mweusi unaopita jichoni, na akipokonywa himaya hufifia, akaonekana karibu sawa na jike. Ukiona kwamba katika kundi lako dume mmoja tu ndiye amewaka rangi na wengine wote wamepauka, jua kwamba tangi lina mtawala mmoja, na hiyo si dalili njema.

Hatimaye chunguza nani anamfukuza nani na wapi. Anayemshambulia yeyote anayelikaribia pango fulani, kisha akarudi pangoni, analinda eneo, na dawa yake iko kwenye mawe. Anayemfuata samaki mmoja popote aendapo anamwona huyo kuwa mpinzani, na dawa yake iko katika uchaguzi wa samaki. Anayewaandama majike bila kuwapumzisha ana majike wachache mno. Ugomvi unaozuka wakati wa kula peke yake ndio mwepesi kuliko wote: nyunyiza chakula sehemu mbili au tatu kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, na mara nyingi utakwisha.

Tangi na mawe

Wengi wetu hutengenezewa matangi na mafundi wa vioo, na huo ni msaada mkubwa, kwa kuwa unaweza kuchagua vipimo. Kosa linalojirudia ni kuagiza tangi refu kwenda juu kwa sababu linapendeza ukutani. Sikilidi wa miambani hugombania sakafu na mapango, hawagombanii kimo cha maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45 hubeba takriban lita 240, nalo ndilo dogo kabisa ambalo ningelipendekeza kwa kundi la mbuna. Tangi lenye ujazo uleule lakini lililofupishwa na kuinuliwa litakupa ugomvi zaidi kwa fedha zilezile.

Mawe yapangwe katika vilima viwili au vitatu vilivyoachana, vikipanda hadi karibu na uso wa maji. Ukijenga ukuta mmoja mrefu nyuma ya tangi, dume mmoja ataumiliki wote. Ukimaliza kupanga, inama usawa wa mawe upande mmoja wa tangi uchungulie: ikiwa unauona upande wa pili bila kizuizi, mbabe naye anauona. Kinachokatisha kufukuzana ni kupotea machoni, na kilima kilichosimama vizuri katikati ya tangi hufanya kazi kubwa kuliko mapango kumi yaliyopangwa kwenye mstari mmoja. Kila pango liwe na milango miwili, ili anayeingia asinaswe ndani, na baadhi ya matundu yawe membamba kiasi kwamba samaki mkubwa hawezi kuingiza kichwa.

Mawe ya matumbawe yaliyotumika katika ujenzi na mawe ya chokaa yanafaa sana, kwa sababu huongeza ugumu wa maji, yaani chokaa iliyoyeyuka ndani yake, na kuyasogeza upande wa alkali kama yalivyo maji ya maziwa yetu: Ziwa Nyasa kati ya pH (kipimo cha asidi na alkali) 7.8 na 8.6, na Tanganyika karibu na 9. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki; likitoa povu, linayo. Matumbawe hai ya baharini yasiguswe, na visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari ambako hupaswi kuokota chochote. Vyungu vilivyopasuka na vipande vya mabomba ya plastiki ya maji hufaa vilevile kwa bei ndogo, ingawa haviongezi chokaa.

Mawe yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini kilichotandikwa kipande cha plastiki au sponji nyembamba, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Sikilidi huchimba, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga litaporomoka siku moja, liue samaki au lipasue kioo. Kisha weka kitu cha kujifichia juu pia, kama vile shada la mimea ya plastiki linaloelea, maana anayeshindwa karibu daima hukimbilia juu, na mfugaji wa kawaida hupanga maficho chini tu.

Nani akae na nani

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, kabla hata samaki hajaingia majini. Madukani samaki hawa huuzwa mara nyingi wakiwa wachanga na wamechanganywa, na mnunuzi huchukua mmoja mmoja wa kila rangi. Matokeo yake ni tangi la madume kadhaa ambao kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mpinzani, na majike wachache wasiojulikana ni wa nani.

Kanuni ya kwanza ni kutochanganya samaki wanaofanana. Dume hushambulia kwa nguvu zaidi yule anayefanana naye kwa rangi na umbo, kwa kuwa huyo ndiye anayeweza kumpokonya majike. Pundamilia nyererei, furu mwekundu wa Ziwa Viktoria aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, humchukia zaidi dume mwekundu kuliko dume wa buluu. Vivyo hivyo mbuna wawili wenye mistari ya buluu na nyeusi hawatakaa kwa amani hata wakiwa wa aina mbili tofauti. Chagua aina zinazotofautiana waziwazi: mmoja wa njano, mmoja wa buluu mwenye mistari, mmoja wa rangi ya chungwa.

Kanuni ya pili ni uwiano. Kwa sikilidi wanaoatamia mayai mdomoni, ambao ni karibu mbuna wote na furu wote, dume mmoja awe na majike watatu au wanne, ili usumbufu wake ugawanyike. Kwa kuwa makinda hayatambuliki jinsia, nunua sita hadi wanane wa aina moja, uwakuze pamoja, kisha uwaondoe madume wa ziada kadiri wanavyojionyesha.

Zipo aina ambazo anayeanza afadhali aziache. Melanochromis auratus ni mdogo na anapendeza, na dume wake akikomaa hugeuka kutoka njano kuwa mweusi na kuanza kuua wenzake. Maylandia lombardoi ana ukali kama huo. Upande wa pili, Labidochromis caeruleus wa njano ni mpole kwa viwango vya mbuna, na kwa maoni yangu ndiye wa kuanzia. Chindongo demasoni, mbuna mdogo kutoka miamba ya Pombo upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, huvumiliana pale tu anapofugwa katika kundi kubwa la kumi na wawili au zaidi. Ukiweka wanne, baada ya muda utabaki na mmoja.

Jambo hilo la kundi kubwa linahitaji maelezo, kwa sababu wengi hulisikia na kulitumia vibaya. Samaki wa miambani wakiwa wengi, hakuna mmoja anayeweza kulinda eneo kikamilifu, na mashambulizi hutawanyika badala ya kumwelemea mnyonge mmoja. Katika tangi la lita 240 mbuna kumi na watano hadi ishirini wa aina tatu hukaa vizuri kuliko wanane. Hata hivyo msongamano huo una gharama yake. Kichujio kiwe na uwezo wa kuzungusha ujazo wa tangi mara nane hadi kumi kwa saa, na asilimia 30 hadi 40 ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, hivyo yaache katika ndoo au pipa lililo wazi kwa siku nzima huku pampu ya hewa ikiyatibua, au uyatie dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi, kama yanavyopatikana katika maeneo mengi ya jiji, si mbadala, kwa sababu ugumu wa chokaa na chumvi ya bahari ni vitu viwili. Tena umeme ukikatika, tangi lenye samaki wengi ndilo la kwanza kuishiwa hewa. Pampu ndogo ya betri iwe karibu wakati wote.

Msongamano haufai kabisa kwa samaki wa Tanganyika wanaoishi wawiliwawili au kwa familia. Neolamprologus brichardi hulea makinda pamoja na ndugu zao wakubwa, na ukoo ukikua huwasukuma samaki wengine wote hadi kona moja. Huyo apewe tangi lake. Neolamprologus multifasciatus, anayeishi ndani ya makombe ya konokono, hutosheka na tangi la lita 50 lenye mchanga na makombe mengi kuliko samaki. Mwenye chumba kidogo na moyo mwepesi afikirie aina hii kabla ya mbuna.

Joto la Dar es Salaam

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hununua hita na kuhangaika maji yasipoe. Sisi tuna tatizo la kinyume chake. Sikilidi wa maziwa yetu hustawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 27, lakini kuanzia Desemba hadi Machi maji ya tangi katika nyumba ya kawaida ya Tabata au Mbagala hufika nyuzi 30 na kupita. Samaki hawana joto lao la ndani. Maji yakipanda, mwili wao hufanya kazi haraka zaidi, huona njaa zaidi, huzaa mara kwa mara zaidi na hupigana zaidi. Wakati huohuo maji ya joto hushika hewa kidogo: maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni yana takriban miligramu 8.3 kwa lita, na yale ya nyuzi 30 takriban 7.6. Mnyonge anayekimbizwa hutumia hewa nyingi katika maji yenye hewa pungufu. Watu wengi hubadilisha samaki, hubadilisha mawe na kubadilisha chakula kwa miezi, na hawajawahi kutumbukiza kipimajoto.

Anza na mahali. Tangi lisikae kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri wala karibu na jokofu linalotoa joto nyuma. Taa iwake saa nane tu kwa siku. Katika miezi ya joto toa kifuniko cha kioo, ufunike kwa wavu, na uelekeze feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Uvukizi utashusha joto kwa nyuzi mbili au tatu, ingawa unyevu wa hewa ukiwa mwingi nafuu huwa ndogo. Kumbuka kwamba maji yanayovukizwa huacha chumvi nyuma, kwa hiyo kujazia hakuchukui nafasi ya kubadilisha maji. Chupa za barafu zinazoelea hushusha joto haraka, lakini humwacha samaki akipanda na kushuka mara mbili kwa siku, na sizipendekezi isipokuwa kwa dharura. Nyakati hizo punguza pia chakula. Mbuna hula mwani, na chakula chenye protini nyingi, ukiwemo dagaa wa kusaga, huwaletea kuvimba tumbo. Chakula cha spirulina (aina ya mwani) kidogo mara mbili kwa siku kinatosha.

Kuingiza mgeni na kumtoa mbabe

Samaki mpya akitiwa peke yake katika tangi lenye wenyeji, kila mwenye eneo atamshambulia kwa zamu. Ingiza kadhaa kwa pamoja, wenye ukubwa unaokaribiana na wa wenyeji, baada ya kuwaweka karantini wiki tatu au nne. Siku ya kuwaingiza lisha wenyeji mpaka washibe, punguza maji, ondoa mawe na uyapange upya kabisa, kisha uwaachie wageni na uzime taa hadi kesho yake. Mipaka ya zamani ikishafutika, wenyeji nao wanakuwa wageni, na kila mmoja anatafuta pango badala ya kumtafuta mwenzake.

Ikiwa ubabe umekwisha kukomaa, aondolewe mbabe. Watu humwonea huruma mnyonge wakamtoa, na kesho yake mbabe huchagua mnyonge mwingine. Mweke mbabe katika tangi la pembeni kwa siku tano hadi saba; wengine watagawana eneo lake, nawe uyahamishe mawe, na akirudi atakuta ana kazi ya kuanza upya. Usipokuwa na tangi la pembeni, kikapu cha plastiki chenye matundu kilichofungwa ukingoni kinamtosha, mradi maji yapite vizuri na samaki mwenyewe si mkubwa. Kigawanyo cha plastiki chenye matundu hufaa kwa wawili wanaogombana, lakini wanaendelea kuonana na kuchokozana, na mara kinapoondolewa vita hurudi. Akirudi mbabe na kuanza tena siku ileile, na ukajaribu mara ya pili bila mafanikio, huyo hakufai. Mtafutie mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi.

Jike mwenye mayai mdomoni ni suala la pekee. Utamjua kwa kidevu kilichovimba na kwa kutokula. Huatamia kwa takriban wiki tatu, na katika muda huo dume na hata majike wenzake humsumbua mpaka akayatema au kuyameza. Mhamishe kwa utulivu usiku, kwa chombo cha maji badala ya wavu, umpeleke kwenye tangi dogo lenye chungu. Akishawaachia makinda, mpe siku kadhaa ale na apate nguvu kabla ya kumrudisha, kwani anayerudi akiwa amekonda hupoteza nafasi yake katika kundi.

Aliyejeruhiwa huponywa na maji safi kuliko dawa. Mweke peke yake, badilisha robo ya maji kila siku, na uweke chumvi isiyo na viungo vingine, gramu 1 hadi 3 kwa lita, kwa siku chache. Akianza kula na mapezi yakaanza kuota, unaweza kufikiria kumrudisha, ila kwanza hakikisha kilichomjeruhi kimeondolewa.

Kuhusu samaki wa ziada, madume yaliyozidi na makinda usiyo na nafasi nayo, wagawie wafugaji wengine au uwarudishe dukani. Wasitupwe katika Mto Msimbazi, kwenye mabwawa wala kwenye mito mingine, hata ikiwa wanaonekana ni samaki wa nchi hii. Samaki wa Nyasa hana ziwa lake hapa Pwani, na sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 alichangia pakubwa kutoweka kwa mamia ya aina za furu.